Kuusoma Mlango wa Nakshi: Kizingiti, Miimo na Mfaa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Mlango wa nakshi wa mwambao wetu mnaufahamu: uko Mji Mkongwe wa Unguja, uko Lamu, Mombasa, Bagamoyo. Mara nyingi husemwa kwamba ni mchanganyiko wa Uarabuni, Uhindini na Uswahilini, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi neno hilo mchanganyiko silikubali. Linatupa picha ya uji, vitu vimekorogwa hata huwezi tena kuvitofautisha. Mlangoni hakuna kilichokorogwa. Kiunzi ni kimoja, na ndani ya kiunzi hicho kila mkono uliokuja ulipewa mahali pake. Ukijua mahali hapo, utausoma mlango kama unavyosoma ukurasa.

Tuanze na kiunzi. Kuna kizingiti cha juu na kizingiti cha chini, miimo miwili ya pembeni, na mbao mbili zinazofungukia ndani. Bawaba hakuna. Ubavu wa kila ubao, ule wa upande wa mwimo, umeachiwa ncha ya mti juu na nyingine chini, na ncha hizo zinazunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye vizingiti. Maana yake ni kwamba mbao na fremu huunganishwa pamoja kabla ya ukuta kupanda. Ndiyo sababu ya ule utaratibu wa zamani wa kusimamisha mlango kwanza na kujenga nyumba kuuzunguka. Na ndiyo sababu mtu akitaka kuung'oa mlango wa kale auze, hana budi kuubomoa ukuta, au kukata zile ncha na kuuharibu.

Sasa kuna kile kiguzo cha katikati, mfaa. Wengi hudhani ni nguzo iliyosimama peke yake. Sivyo. Mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu, kwa upande wa nje, na nusu ya upana wake unatokeza mbele ya ubao wa pili. Kwa kuwa mbao zinafungukia ndani, ubao wenye mfaa ndio unaofungwa kwanza, na wa pili unakuja kuuegemea mfaa kwa nyuma. Kufungua ni kinyume chake: usio na mfaa hutangulia. Mchana ubao usio na mfaa hubaki wazi, ule wenye mfaa umetulia na nakshi yake inaonekana barabarani. Nakshi nzito ikawekwa hapo kwa sababu hapo ndipo jicho la mpita njia linapotua, mlango ukiwa wazi au umefungwa. Milango mipya mingi ina kipande chembamba cha ubao kilichogundishwa katikati kuigiza mfaa. Hakizibi upenyo, hakizuii upepo, na gundi ikichoka kinadondoka.

Ufundi huu haukuletwa na msafara mmoja. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja milango ya Kilwa kuwa ya mti uliochongwa vizuri na kuunganishwa kwa ustadi. Huo ni wakati kabla ya Waomani kutawala Unguja. Upande wa Lamu, Pate na Siyu kuna mkono mwingine: michongo ya kina kifupi, maumbo ya jometri yanayojirudia, kazi ya mafundi wa Kibajuni na wa Siyu. Mkono huo haupendi majani yanayojipinda. Unapenda duara, nyota na mistari iliyopimwa kwa bikari.

Karne ya 19 ikaja na mambo mawili. Milango ya Waarabu wa Unguja ya mapema ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, na maandishi ya Kiarabu katikati. Baadaye, hasa zama za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kizingiti kikaanza kupanda na kuwa nusu duara, kimejaa maua na majani yaliyochongwa kwa kina. Barghash mwenyewe alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay baada ya uasi wa 1859, na mafundi wa Kihindi walikuwa wakifanya kazi Unguja. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, ni ya zama hizo. Wafanyabiashara wa Kigujarati nao walikuja na mlango wao wa duka: kila ubao umegawanywa katika vyumba vidogo vya mraba, fremu nene, nakshi kidogo, mbao zinazokunjana ili uso wa duka ufunguke wote.

Misumari mikubwa ya shaba, njumu, nayo ina asili ya Uhindini, na maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba kule ilizuia tembo wasiusukume mlango. Unguja hakuna tembo, ikabaki pambo na ishara ya uwezo. Lakini msiidharau kwa kuiita pambo tupu. Nyuma ya mlango kuna mbao za mkingamo zinazoshika mbao za wima zisiachane, na misumari hiyo ndiyo inayozibana pamoja. Kila msumari una tundu lake, linatobolewa kwanza kwa keekee, jembamba kidogo kuliko msumari wenyewe, kisha ncha inakunjwa nyuma. Ukiupigilia bila tundu, mti mkavu unapasuka kwa kufuata nyuzi zake, na ufa huo huwezi kuurudisha. Ukitumia msumari wa chuma badala ya shaba, hewa ya bahari itaula, nao utavimba ndani ya mti na kuupasua vilevile.

Mtaambiwa pia maana za nakshi: samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi, au eti mnyororo unamtambulisha mfanyabiashara wa watumwa. Hili la mwisho nawasihi msilikariri. Ukingo wa mnyororo unaonekana kwenye milango ya watu wa kila namna, na kazi yake ya wazi ni kufunga picha, kama pindo la kanga linavyoufunga mji, yaani sehemu yake ya katikati.

Nataka tukae kidogo kwenye vipimo, maana hapo ndipo utofauti wa mikono unapokutana na hesabu. Chukua mwimo wa futi 7, yaani inchi 84. Chini kabisa, inchi 12 ni za samaki au mtungi ambamo mmea unaota. Zinabaki 72. Ukichagua ua la inchi 4 na nusu, linaingia mara 16 barabara. Ukichagua la inchi 5, yanaingia maua 14 na zinabaki inchi 2. Fundi asiye makini huanza chini, akifika juu anakuta nafasi haitoshi ua zima, anachonga nusu ua dhidi ya kizingiti. Kosa hilo linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi makini huzigawa zile inchi 2 kwa maua 14, kila ua linaongezeka chini ya robo inchi, na hakuna jicho litakalogundua. Kizingiti chenyewe hakipimwi kuanzia pembeni. Unaanza na ua la katikati, unakwenda kulia na kushoto sawasawa.

Maandishi yana hatari yake. Herufi ba, ta na tha zina mwili mmoja, tofauti ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Nukta katika mti ni kisiwa kidogo kinachobaki baada ya kuondoa ardhi, yaani mti unaokizunguka, na patasi ikienda kinyume cha nyuzi, kisiwa kinaruka. Neno limegeuka. Kwa hiyo anayejua kuandika achore, na fundi aachie nukta mpaka mwisho, aziondolee ardhi kwa patasi nyembamba akielekea nje ya nukta. Na mkiona mwaka, kumbukeni ni wa Hijria. Mlango wenye 1300 ni wa 1882 au 1883. Anayejumlisha 622 na kuishia hapo atapata 1922, amekosea kwa takriban miaka 40, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi.

Kuhusu mti, msaji uliletwa kwa majahazi kutoka Uhindini, na hapa kwetu kuna mbambakofi, mvule na mfenesi. Hata mfenesi asili yake ni Uhindini, kwa hiyo utofauti umeingia mpaka kwenye nyuzi za ubao. Kanuni ya ukaushaji ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, mbao zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisikauke upesi kuliko tumbo. Mwimo wa inchi 3 unataka miaka mitatu. Siku hizi unachongwa baada ya miezi mitatu, na msimu wa kaskazi ukifika, maua mazuri yana nyufa katikati.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi, na hufanywa na watu wenye nia njema. Mlango wa kale unapakwa vanishi ya kung'aa. Jua linaibambua, maji ya mvua yanaingia chini yake na hayatoki. Ukuta nao, wa mawe ya matumbawe na chokaa, unapigwa lipu ya saruji, unyevu uliokuwa ukitokea ukutani unakimbilia kwenye mwimo, na mchwa wanafuata. Lipu ibaki ya chokaa. Mti upakwe mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa kitambaa, yaliyozidi yafutwe. Ukisugua shaba kwa ndimu na majivu, weka karatasi ngumu yenye tundu kuzunguka kila msumari, maana asidi ya ndimu huacha madoa kwenye mti.

Mguu wa mwimo ukioza, msing'oe mwimo wote. Kateni palipooza mpaka mufikie mti mzima, kwa mkato wa mshazari wenye urefu mara tatu ya unene: mwimo wa inchi 3, mshazari wa inchi 9. Kipande kipya kiwe cha mti uleule, nyuzi zikielekea upande uleule, na kifungwe kwa vigingi vya mti. Samaki aliyekuwa hapo achongwe upya kwa kumtazama mwenzake wa mwimo wa pili, si kwa picha ya mlango wa mtaa mwingine.