Ng'ombe Chomboni: Nani Alipe Nauli?

Mabibi na mabwana, karibuni.

Katika hadithi nyingi za kubuni za kisayansi, nahodha wa chombo cha anga hupakia ng'ombe 40, huvuka anga, hushusha, kisha huhesabu faida. Mimi huuliza jambo moja tu: majani yalikaa wapi?

Tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 500 hula takriban kilo 12 za majani makavu kwa siku. Kwenda sayari ya Mirihi kwa roketi tulizonazo ni kama miezi 7. Hizo ni tani 2.5, uzito wake mara 5. Maji utayachuja yarudi kwenye birika, lakini majani yakishaliwa ndiyo basi, yamekuwa samadi. Nahodha hasafirishi ng'ombe, anasafirisha ghala la majani lenye mlaji ndani.

Halafu kuna tumbo. Duniani, gesi ya mnyama anayecheua hupanda juu ya kioevu, naye akaitoa kwa mbweu. Chomboni kila kitu kinaelea, hakuna juu wala chini, kwa hiyo gesi itajichanganya na chakula kama povu. Mfugaji aliyewahi kuona tumbo la povu anajua: ubavu wa kushoto hukaza kama ngoma, pumzi zinabana, na ndani ya saa chache umempoteza. Dawa ni kukizungusha chombo kizima ili kipate uzito wa bandia. Nauli imepanda tena!

Basi tubebe mbegu za kiume badala ya mnyama. Mwaka 2013 mbegu za panya zilizokaushwa kwa baridi zilipelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga, zikakaa miezi 9, na zilizorudishwa zikazaa panya wazima. Viinitete vya ng'ombe, yaani mimba za siku chache tu, navyo hugandishwa katika mirija myembamba. Kundi zima linaingia kwenye mtungi mmoja wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali. Ila kiinitete kinataka tumbo la uzazi, kwa siku 283 hivi. Kwa hiyo thamani haimo mtungini. Imo kwa yule mwenye mitamba ya kwanza huko uendako, naye atataja bei aitakayo.

Na hapa ndipo waandishi wengi hupotea: mifugo huzaana. Ukimuuzia mtu dume na majike, baada ya miaka michache ana kundi, hakuhitaji tena, na huenda anawauzia jirani zake kwa bei ya chini kuliko yako. Nahodha wangu angeuza nyumbu, yule mtoto wa punda dume na farasi jike, kwa kuwa karibu wote ni tasa. Farasi majike angewauza bila wasiwasi. Lakini punda dume hashuki chomboni, hata wakimwekea dhahabu mlangoni.

Naam, bwana wa nyuma, umenyoosha mkono tangu niliposema samadi. Udongo wa Mirihi hauna mboji, sivyo? Ulitaka kuniuliza bei yake.