Ugomvi Uko Chini ya Goti

Asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia jinsi ya kuuzuia mchanga wa jangwani usihame, na naomba nianzie nyumbani. Waliofika Oldupai, Ngorongoro, wameuona Mchanga Unaohama: tuta jeusi la majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, umbo la mwezi mwandamo, peke yake uwandani. Nyuma yake vimesimama vibao vinavyoonyesha lilikuwa wapi mwaka gani. Kwa wastani husogea kama mita 17 kwa mwaka.

Siku moja nilipiga magoti pale, nikaweka uso karibu na ardhi wakati upepo unavuma. Mchanga haupeperuki kama vumbi. Punje inaruka, inaanguka, inazigonga nyingine, nazo zinaruka. Nyingi hazifiki hata gotini. Naomba mlishike hilo, maana ugomvi wote wa binadamu na mchanga uko hapo chini.

Sasa twendeni China, mahali paitwapo Shapotou, ukingoni mwa jangwa la Tengger. Reli ya Baotou hadi Lanzhou, iliyokamilika mwaka 1958, ilibidi ikatize katikati ya matuta. Mvua ya pale ni kama milimita 180 kwa mwaka; Dodoma yetu hupata karibu mara tatu ya hiyo. Maji ya ardhini yako mbali, mizizi haiyafikii. Ungepanda nini ili mchanga usiifukie reli?

Wao walianza na mabua makavu ya ngano. Unayalaza juu ya mchanga kwa mstari, unayakandamiza katikati kwa koleo, yanazama na ncha zake zinainuka, chini ya shubiri moja. Mstari kwa mstari, mpaka inatokea miraba ya mita moja kwa mita moja, mlima mzima kama jamvi. Upepo ukifika pale unaishiwa nguvu, na mchanga unatulia ndani ya mraba kama unga kwenye bakuli. Mabua huoza baada ya miaka michache. Huo ndio muda ambao kichaka kimepewa cha kushika mizizi.

Na vichaka vyenyewe ni vya kwao: karagana, wa ukoo wa kunde, na ndugu wa pakanga tunayoijua sisi.

Kisha hutokea jambo ninalolipenda kuliko yote. Vumbi laini hutua kivulini, bakteria na mwani huligandisha, na miaka inavyokwenda unapata utando mgumu, mwembamba kama chapati. Kwato za mbuzi zinatosha kuuvunja. Utando huo ndio unaofunga mchanga hasa. Lakini pia huyanasa maji ya mvua juu juu, na vichaka vyenye mizizi mirefu huanza kupungua, nyasi fupi zikichukua nafasi. Watafiti wa Shapotou wamelifuatilia hili kwa miongo.

Ndiyo maana naumia nikisikia mradi wa jangwani ukijisifu kwa idadi ya miti. Mti wenye kiu hunywa akiba ya mchanga, hukauka, na tuta huondoka tena. Niambieni kwanza mvua ni kiasi gani, na nani ataigawana.

Lile tuta la Oldupai, kwa maoni yangu, liachwe litembee. Wamaasai wanaliheshimu. Mwezi ujao tutakwenda na wanafunzi kupima hatua zake. Tafadhali, asiondoke mtu na mchanga wake, hata wa kujaza kiganja.