Paka haogopi maji, anaogopa kuteleza

Haya, tukae. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na mimi sing'ati.

Kabla sijasema lolote, nakunja mkono wa shati. Mnauona mstari huu mweupe, unaoanzia kwenye kiwiko ukashuka hadi karibu na kiganja? Una miaka 20 na ushei. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, mwaka wa pili, kile kipindi ambacho mtu anadhani anajua kila kitu kwa sababu amefaulu mtihani mmoja. Nyumbani tulikuwa na paka dume, mweupe, tukimwita Pamba. Siku moja Pamba akaenda kulala chini ya gari, akarudi mgongo mzima umepakaa grisi. Mama akanitazama, akasema, "Daktari, mgonjwa wako huyo." Nikachukua beseni kubwa la plastiki, nikaliweka chini ya bomba, nikamtia Pamba ndani pamoja na sabuni ya vyombo, ndipo nikafungulia maji.

Utaratibu huo uangalieni vizuri: paka kwanza, maji baadaye. Makosa yangu karibu yote yamo humo.

Bomba lilipovuma, Pamba akajaribu kusimama. Plastiki imelowa, ina povu, miguu ikaenda kila mmoja upande wake. Paka ana kucha 18, yaani 5 kila mguu wa mbele na 4 kila mguu wa nyuma, na zote kwa pamoja zikatafuta mahali pa kushika. Mahali pekee palipokuwa hapatelezi ni mkono wangu. Akaupanda kama mtu anavyopanda mnazi, akapita begani, akaenda kukaa juu ya kabati hadi asubuhi.

Mnacheka, na mimi huwa nacheka. Lakini jeraha halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kule juu ya kabati Pamba alikaa usiku kucha akijiramba grisi na sabuni, vyote viwili. Alitapika povu mara tatu. Alipona, namshukuru Mungu, ila kama angebaki na grisi yake kavu nikampeleka kwa mtu anayejua kazi, angeumia kidogo kuliko alivyoumia mikononi mwangu.

Kwa miaka mingi nilieleza kisa hiki kama watu wengi wanavyokieleza: paka anaogopa maji. Siku hizi sisemi hivyo. Nimewaona paka wakichezea tone la bomba lililolegea kwa nusu saa, wakitia mguu kwenye ndoo, wakikaa sakafuni bafuni mtu akioga. Kuna paka mwitu wa Asia anayeishi kwa kuvua samaki, anaogelea kama hana la kupoteza. Kinachomtia paka wazimu ndani ya beseni ni ardhi kupotea chini ya miguu yake. Mnyama huyu maisha yake yote yamejengwa juu ya kujua mguu unakanyaga wapi. Mwondolee hilo, umemwondolea akili. Kwa hiyo ukitoka hapa na jambo moja tu, toka na hili: tandika taulo ndani ya beseni, kwenye kitako chake, kabla ya kitu kingine chochote. Taulo kuukuu, likunje mara mbili, lilowe. Gharama yake ni sifuri, na kwa uzoefu wangu limezuia vita vingi kuliko glavu, kuliko kumshika ukosi, kuliko maneno matamu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana nimeanza na beseni kabla ya kuuliza kama beseni linahitajika.

Mara nyingi halihitajiki. Mkienda nyumbani, paka akiwa ametulia, mwacheni awarambe kidole. Mtasikia kama msasa. Ile mikwaruzo ni miiba midogo iliyopinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Georgia Tech kule Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha kwamba ncha ya kila mwiba ina mfereji, kama kijiko kidogo kilichokunjwa. Paka akiingiza ulimi mdomoni, mfereji unavuta mate. Akijiramba, mate yanafikishwa hadi kwenye ngozi, chini kabisa ya manyoya, mahali ambapo kitana chako hakifiki. Mnyama mwenye chombo cha namna hiyo mdomoni, anayekitumia saa kadhaa kila siku, kumwogesha kila Jumamosi kwa sababu mtoto wa jirani anaogeshwa kila Jumamosi ni kumsumbua bure.

Na paka akianza kunuka ghafla, msikimbilie shampuu. Nusani mdomo, nusani masikio, papaseni ngozi mtafute uvimbe. Jino bovu linanuka. Jipu la kung'atwa na paka mwenzake linanuka vibaya sana. Maji hayatibu hata kimoja kati ya hivyo.

Wapo wanaohitaji kuogeshwa kweli. Aliyejipaka kitu ambacho hatakiwi kukimeza, kama Pamba wangu. Mzee mwenye maumivu ya viungo, au mnene aliyepitiliza, ambaye ulimi haufiki tena mgongoni. Mwenye manyoya marefu aliyeharisha, na huyo hahitaji kuoga mwili mzima, osha nyuma tu umwachie. Sphynx, wale wasio na manyoya, hao mafuta ya ngozi hayana pa kwenda, yanaganda mwilini, basi kuogeshwa mara kwa mara ni sehemu ya maisha yao. Na wale wenye fangasi wa ngozi, choa au mashilingi kama wengine mnavyoita, kwa dawa na ratiba ya daktari, huku wewe mwenyewe umevaa glavu, maana hao fangasi wanahamia kwa binadamu bila kuombwa.

Kuna anayeniuliza kila mara kuhusu mzio: mume anapiga chafya, je, nimwogeshe paka? Paka, si mume. Kinachosumbua ni protini inayoitwa Fel d 1, inayotoka kwenye mate na kwenye tezi za ngozi. Kuoga kunaipunguza, ni kweli, ila ndani ya siku chache imerudi ilipokuwa, kwa sababu kiwanda chenyewe hakijafungwa. Kumtesa paka kila wiki kwa faida ya siku mbili, mimi sioni hesabu yake.

Na wa kuacha kabisa: mtoto ambaye hajatimiza wiki 8, kwani hajaweza kujitunzia joto na anaweza kupoa hadi afe, huyo mfute kwa kitambaa cha uvuguvugu umkaushe palepale. Mgonjwa, mwenye nyuzi za operesheni, na aliyetiwa dawa ya viroboto ya matone shingoni ndani ya siku 2 zilizopita, utaiosha dawa kabla haijafanya kazi.

Hapa kwenye sabuni naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoua paka wakiwa na nia njema.

Ini la paka lina upungufu. Kuna njia ambayo wanyama wengi huitumia kufunga sumu fulani ili zitoke mwilini, na kwa paka njia hiyo ni dhaifu sana. Kitu ambacho mbwa anakitoa bila shida, kwa paka kinabaki kinazunguka. Mfano mkubwa ni permethrini, inayowekwa kwenye baadhi ya dawa na shampuu za viroboto za mbwa. Mtu ana mbwa na paka, chupa iko moja, anafikiri atatumia kidogo tu. Baada ya saa chache paka anaanza kutikisa masikio, ngozi inarukaruka, halafu anatetemeka mwili mzima, degedege linaingia. Nimewapokea mezani. Wengine niliwaokoa, wengine sikuwaokoa. Soma chupa, ikiandikwa ya mbwa, ni ya mbwa, hata kama picha ya mbele ina mnyama mdogo wa kupendeza. Mafuta ya mti wa chai, ambayo watu wanayaamini kwa sababu ni ya asili, ni sumu kwake vilevile. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka maziwa zikikutana na maji, nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, nazo ini lake haziliwezi: zibaki sakafuni, zisiingie kwenye beseni la paka.

Shampuu yako wewe haitamuua, lakini ngozi yako ina asidi zaidi kuliko yake, kwa hiyo itamkausha na kumwasha. Tumia ya paka, isiyo na manukato mengi. Usimimine shampuu moja kwa moja mgongoni. Ichanganye na maji kwenye kopo kwanza. Povu jepesi linasuuzika haraka, na mchezo wote ni uharaka wa kusuuza.

Mama uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, ulitaka kuuliza grisi inatokaje? Nilijua. Chukua mafuta ya kupikia, kidogo, uyasugue kwenye grisi hadi ilegee, ufute kwa kitambaa, halafu ndipo sabuni laini ya vyombo na maji. Mafuta ya taa, petroli na tina ya rangi visimguse hata tone: vinaunguza ngozi, na akivuta mvuke wake au akiviramba ni balaa jingine. Na kama kilichomwagikia ni maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda, usianze hata kuchemsha maji, mfunge kwenye taulo asijirambe, nenda kwa daktari sasa hivi. Kiasi kidogo sana cha kile kitu kinamaliza figo.

Tuingie bafuni. Kucha umezipunguza jana, si leo, ncha tu ile nyeupe, bila kugusa sehemu ya waridi yenye damu. Manyoya umeyachana yakiwa makavu, kwa sababu fundo la manyoya likilowa linakaza kama kamba. Fundo likigoma, usilikate kwa mkasi: ngozi ya paka ni nyembamba, inavutika pamoja na fundo, na majeraha ya mkasi ni miongoni mwa yale ninayoyashona mara kwa mara. Maji yapo tayari ndani ya beseni, kina kisichozidi tumbo lake, na beseni la pili la kusuuzia liko pembeni. Joto la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo maji ambayo kiwiko chako hakiyasikii kama moto wala baridi yanamfaa. Bomba limefungwa. Kwa sauti nyembamba, sikio lako linaishia kwenye hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, lake linapita 60,000. Ule mvumo unaouona wa kawaida, kwake si wa kawaida.

Mlango ufungwe, halafu mlete. Mweke miguu ya nyuma kwanza, juu ya taulo, kiganja kimoja kifuani. Subiri. Mwache akanyage, ajue pana ardhi. Sekunde 20 hizo msimnyime. Kisha kwa kikombe, taratibu, kuanzia shingoni kurudi nyuma. Kama ana viroboto, anza kwa kumzungushia pete ya povu shingoni, la sivyo wakihisi maji watakimbilia usoni na utaishia kuwawinda machoni. Uso ni wa kitambaa chenye unyevu, maji yasiingie masikioni. Suuza hadi manyoya yalie kwichi kati ya vidole, halafu suuza tena.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwa paka sharti hilo halipo. Akilaza masikio, mboni zikapanuka, akaanza kuunguruma kwa chini, una muda mfupi wa kumaliza. Akifungua mdomo akahema kama mbwa, simamisha, msuuze povu lililobaki, mtoe. Nusu ya paka msafi leo ni bora kuliko paka ambaye hatakusogelea tena. Na akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Jino la paka ni kama sindano: tundu dogo, bakteria ndani, tundu linajifunga juu yake. Na kichaa cha mbwa nacho hupita humohumo.

Kumkausha: mfunge kwenye taulo, kandamiza, usisugue. Chumba kisiwe na upepo. Kikaushio cha nywele kwa wengi ni bomba jingine lenye kelele zaidi, mimi nimekiacha.

La mwisho, halafu nachukua maswali. Kama una paka wawili, yule ambaye hakuoga anaweza kumfokea mwenzake kama mgeni. Hana chuki. Paka wanatambuana kwa harufu, na wewe umemfuta ndugu yake jina. Chukua kitambaa, mpapase yule mkavu mashavuni na mgongoni, halafu kitambaa hichohicho mpake aliyeoga akishakauka. Wapeni siku 1 au 2, vyumba tofauti kama ni lazima.

Ndiyo, kijana wa shati la bluu, wewe ulisema wako anakaa juu ya kabati tangu jana?