Programu Ikiganda, Iulize Kabla ya Kuizima

Nawashukuru kwa kuja. Nianze na jambo linaloniudhi: seva ikiganda, mtu wa kwanza kufika anaiwasha upya. Ushahidi wote umeondoka, na keshokutwa inaganda tena.

Tuchukue programu ya Java kwenye Linux. Fungua top, amri inayoonyesha prosesa na kumbukumbu zinavyotumika, utazame prosesa kabla ya kumbukumbu. Ikiwa imetulia, programu inasubiri kitu: hifadhidata, mtandao, au nyuzi zake (threads) zimefungana. Piga jstack, inayoonyesha kila uzi unafanya nini, mara mbili tatu ulinganishe; kumbukumbu huenda haina kosa. Lakini prosesa ikichemka na hakuna ombi linalojibiwa, mshukuni mfagiaji wa kumbukumbu (garbage collector), sehemu ya Java inayoondoa vitu visivyotumika tena.

Andika jstat -gcutil, namba ya mchakato, kisha 1000, upate mstari wa hali ya ufagiaji kila sekunde. Kodolea macho safu ya O, asilimia iliyojaa ya sehemu vinamokaa vitu vilivyodumu, na FGC, idadi ya ufagiaji mkubwa. O ikiganda kwenye 99 huku FGC inapanda, umempata: anafagia kutwa, hapati taka. Mfagiaji aitwaye Parallel hukata tamaa akishatumia zaidi ya asilimia 98 ya muda kufagia na kuokoa chini ya asilimia 2 ya nafasi, ndipo mnapoona OutOfMemoryError, kosa la kuishiwa kumbukumbu.

Wengi hukimbilia kuongeza -Xmx, kikomo cha hipu, yaani kumbukumbu wanamowekwa vitu vya Java. Seva ina gigabaiti 8, Java inapewa 10! Linux inaanza kuhamishia kurasa diskini, na ufagiaji mkubwa sharti upitie vitu vyote vilivyo hai, hata vile vilivyohamishwa. Inaganda kuliko mwanzo. Piga vmstat 1: safu za si na so, yaani kurasa zinazorudi kutoka diskini na zinazopelekwa huko, zikikaa juu ya sifuri muda wote, RAM imezidiwa.

Sasa jmap -histo, inayohesabu vitu vya kila klasi kwenye hipu. Usishtuke kuona String na byte[] juu kabisa. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Shuka mpaka ukutane na klasi mliyoiandika wenyewe. Acha muda upite, urudie. Inayoongezeka bila kupungua, anzeni nayo. Mara nyingi utakuta HashMap ya static iliyogeuzwa kache: kuna aliyeandika put ya kuweka vitu, remove ya kuvitoa hakuna aliyeikumbuka.

Na washeni HeapDumpOnOutOfMemoryError leo hii, ihifadhi nakala ya hipu kumbukumbu ikiisha, ila mhakikishe diski ina nafasi, maana faili lake laweza kukaribia ukubwa wa hipu nzima. Haya, dada pale nyuma ameinua mkono.