Kamera Inayopofuka Usiku: Jinsi ya Kutafuta Kasoro

Mafundi wenzangu, na nyinyi wenye nyumba na maduka mliochoka kuletewa hesabu za kamera mpya za ulinzi kila mwaka, karibuni.

Malalamiko ni yaleyale kila mahali. Mchana picha ni safi, unahesabu matofali ya ukuta wa jirani. Jua likizama, mtu aliyesimama getini anageuka kivuli chenye uso mweupe kama unga. Mteja anaambiwa, "Hii ni megapikseli 2, tuweke 8." Anatoa pesa, kamera za megapikseli 8 zinafungwa, na usiku picha inakuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Naanza na hilo kwa sababu hapo ndipo pesa za watu zinapotelea.

Nyuma ya lenzi kuna kibamba kidogo kinachopokea mwanga, sensa. Ukikigawa kibamba cha ukubwa uleule vipande milioni 8 badala ya milioni 2, kila kipande kinabaki na robo ya eneo, basi kinapata robo ya mwanga. Mchana hilo halina neno, mwanga ni wa kumwaga. Usiku kila kipande kina njaa, na kamera inapokuza kile kidogo ilichopata, inakuza na chenga pamoja nacho. Kwa hiyo ukienda dukani, soma kwanza ukubwa wa sensa na namba ya F ya lenzi, megapikseli zifuate. Lenzi ya F1.0 hupitisha mwanga mara 4 ya lenzi ya F2.0. Namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Wengi huisoma kinyume.

Lakini leo hatuko dukani. Kamera imeshafungwa, imelipiwa, na usiku haioni. Tufanye nini?

Kwanza, kasoro ya usiku haitafutwi saa nne asubuhi. Njoo baada ya magharibi. Fungua picha kwenye rekoda yenyewe, ile mashine inayohifadhi picha za kamera, kamera moja ijaze skrini. Usiamue kwa kutazama simu: programu za simu mara nyingi hufungua ule mkondo mdogo wenye picha hafifu, nawe utakuwa unatibu ugonjwa ambao kamera haina. Kisha tulia uitazame picha kabla hujagusa kitu, maana kila kasoro ina sura yake.

Sura ya kwanza ni ukungu mweupe uliotanda picha nzima, kama unatazama kupitia glasi ya maziwa. Kwenye kamera za domu, yaani zile zenye kifuniko cha kuba, kisababishi kikubwa ni pete ya sponji au mpira mweusi inayozunguka lenzi. Kazi yake ni kuzuia mwanga wa taa za infraredi, ambao macho karibu hayauoni lakini kamera inauona, usipige kifuniko kwa ndani na kurudi kwenye lenzi. Fundi akishageuza lenzi kutafuta pembe nzuri, akafunga kifuniko bila kuhakikisha pete imegusa plastiki pande zote, usiku kamera inajimulika yenyewe. Fungua, sukuma pete mbele, funga, angalia tena. Na tafadhali, ile karatasi laini ya plastiki inayokuja na kifuniko kutoka kiwandani, iondoe! Bado ziko kamera mitaani zina miaka miwili juu ya nguzo na hiyo karatasi ingali imebanduka nusu.

Kama si pete, ni uchafu. Alama ya kidole isiyoonekana mchana huwaka usiku, kwa sababu taa ziko sentimita chache tu kutoka hapo. Kwenye barabara za vumbi hali ni hiyohiyo, na pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, kuna chumvi ya upepo wa bahari inayojenga utando mwembamba juu ya kioo. Osha kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kisha pangusa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Usianze kwa kupangusa kukavu, mchanga utachora mikwaruzo, na mkwaruzo haufutiki. Petroli, thina na spiriti ni mwiko kwenye kifuniko cha plastiki: kinapauka na kupasuka nyufa ndogondogo. Ukikuta matone ya maji kwa ndani, kubadilisha kipakiti cha kukausha unyevu peke yake ni kujidanganya. Tafuta mpira wa kuzibia uliokunjika au tundu la waya lililoachwa wazi, kwa kuwa maji yana mlango yalikopitia.

Sura ya pili: nyuzi nyeupe zinazocheza mbele ya picha, na rekoda inajaa matukio ya "mwendo" usiku kucha. Huyo ni buibui. Wadudu hufuata mwanga na joto, buibui hufuata wadudu. Kufagia utando kunasaidia siku chache. Dawa ya kudumu zaidi ni kuutenga mwanga na jicho: zima taa za ndani ya kamera kwenye menyu, kisha funga taa ya infraredi ya pembeni, mita moja au zaidi kutoka kwenye kamera. Wadudu wataenda kwenye taa, mbali na lenzi. Walio kando ya Ziwa Viktoria, Mwanza au Kisumu, wanakojua wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, kwao hili nalihesabu kuwa la lazima.

Sura ya tatu huwachanganya wengi: karibu peupe, mbali peusi. Kamera imefungwa chini ya paa, na kipande cha ukuta mweupe au mbao za dari kimeingia kwenye pembe ya picha. Mwanga wa infraredi unagonga ukuta ulio nusu mita kutoka hapo na kurudi na nguvu zote. Kamera inadhani mahali pana mwanga tele, inapunguza upokeaji, na geti lililo mita 20 linazama gizani. Kumbukeni mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili, unabaki na robo. Kitu cha mita 2 kinapata mwanga mara 100 ya kitu cha mita 20. Hakuna mpangilio wa menyu unaoziba pengo la namna hiyo. Shusha kamera, isogeze mbele kwa kibeba kirefu, au igeuze mpaka ukuta utoke kabisa kwenye picha. Tawi la mwembe lililoning'inia mbele hufanya vilevile, na kioo cha dirisha kibaya zaidi. Kamera iliyo ndani ya nyumba ikitazama nje kupitia kioo, zima infraredi yake na uwashe taa ya kawaida huko nje.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kamera nzima hulaumiwa bure. Dalili: picha inakatika usiku tu, au kamera inajizima na kujiwasha, au taa zinawaka hafifu. Mchana haina tatizo. Sababu ni kwamba taa za infraredi zinapowaka, kamera inavuta umeme maradufu au zaidi.

Tupige hesabu. Waya wa mtandao wa CAT5e, shaba halisi, uzi wake mmoja una ukinzani wa takriban omu 8.4 kwa mita 100. Kamera iko mita 40 kutoka kwenye adapta ya volti 12, na umetumia jozi moja ya nyuzi, kati ya nne zilizomo, kupeleka umeme. Kwenda na kurudi ni mita 80, sawa na omu 6.7. Mchana kamera inavuta ampea 0.2: zinapotea volti 1.3 njiani, inapata 10.7, inafanya kazi. Usiku inavuta ampea 0.5: zinapotea volti 3.4, inabaki 8.6. Kamera nyingi zimeandikwa volti 12 kwa kupungua au kuzidi asilimia 25, maana yake chini ya volti 9 hazina dhamana. Na kama ule waya ni wa alumini uliopakwa shaba, ambao sokoni umejaa kwa sababu ni rahisi, ukinzani unazidi mara moja na nusu. Hapo volti 7 hazifiki.

Kipimo chake ni chepesi. Panda na multimita, yaani kipima umeme, pima pale kamera ilipo, taa zikiwa zimewaka. Ukipima mchana, ziba kwa utepe mweusi kile kijicho kidogo kinachopima giza, au ilazimishe kamera iingie hali ya usiku kwenye menyu. Ukipima ncha ya waya iliyochomolewa, multimita itakuonyesha 12 kamili na utashuka umedanganyika, kwa sababu hakuna kinachovuta.

Tiba? Kama ni kamera ya analogi yenye baluni, yaani kile kiungo kinachopitisha picha kwenye waya wa mtandao, picha inatumia jozi moja. Ziunge jozi 3 zilizobaki zibebe umeme pamoja. Upotevu unashuka hadi volti 1.1. Au tumia waya wa umeme wa milimita 0.75 za mraba: kwa mita 40 zilezile unapoteza karibu volti 1. Wengine huzungusha skrubu ndogo ya ADJ, ya kurekebisha volti, kwenye boksi la umeme mpaka 13.5. Inasaidia kamera ya mbali, lakini ile ya karibu inakula 13.5 hiyohiyo; kama imeandikwa asilimia 10 tu, mwisho wake ni 13.2. Kwa kamera za mtandao, PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao, inakuondolea kero hii kwa kuwa umeme unasafiri kwa volti 48 hivi. Ila hesabu uwezo wa swichi ya mtandao inayogawa umeme huo. Swichi ya milango 8 yenye wati 60 kwa jumla haiwezi kulisha kamera 8 za wati 10, na itakuonyesha hivyo saa moja usiku, taa zote zinapowaka kwa pamoja.

Kujua kama taa zenyewe zinawaka, zielekezee kamera ya mbele ya simu. Zile za nanomita 850 (ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake) zitaonekana zikiwaka zambarau, na hata kwa macho zina wekundu hafifu. Za 940 hazionekani kwa macho, lakini hufika karibu sana. Usitegemee zikumulikie uwanja.

Kama mchana picha ina rangi ya waridi na majani yamepauka, kichujio cha infraredi ndani ya kamera kimekwama. Badilisha kutoka hali ya mchana kwenda usiku mara kadhaa, usikilize "tik". Pasipo mlio, kamera ni ya kubadilishwa. Ikiwa kamera inaruka kati ya hali ya mchana na ya usiku usiku kucha, kuna taa ya nje inayomulika kijicho; ipangie kamera saa za kubadili hali. Huku kwetu karibu na ikweta machweo hayahami sana, Nairobi hupishana kama nusu saa tu mwaka mzima, kwa hiyo ratiba moja inatosha.

Halafu mtu anayetembea anaacha mkia kama mzuka. Hiyo ni shata ya polepole, yaani kamera inachukua muda mrefu kupokea mwanga wa kila picha. Kwa 1/25 ya sekunde, anayetembea kwa mita 1.4 kwa sekunde anasogea sentimita 5.6 kabla picha haijafunga, na gari la kilomita 30 kwa saa linasogea sentimita 33. Usitegemee kusoma namba ya gari hapo. Namba inataka kamera yake peke yake, shata ya 1/500, infraredi kali. Picha itakuwa nyeusi kote isipokuwa kibao, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa watu, zuia shata isishuke chini ya 1/50, punguza kiwango cha kuondoa chenga, na uzime WDR, ule mpangilio wa kusawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza, usiku kama hakuna taa kali mbele. Uso ukiwa unga mtupu, washa Smart IR, inayopunguza nguvu ya infraredi kwa kitu kilicho karibu.

Chenga hizo pia hula nafasi. Kamera ya megapikseli 4 iliyobanwa kwenye megabiti 2 kwa sekunde usiku inatoa mabaka ya miraba. Ipe 4, ujue itakula gigabaiti 43 kwa siku, ununue diski ya kutosha.

Giza limeshaingia. Ngazi ile pale, multimita ni hii. Tunaanza na kamera ya geti, nani anapanda?