Cicely Williams na Swali Lake kwa Akina Mama

Wanangu, mliokwisha kunisikia nikikisimulia kisa hiki mnivumilie. Nitakirudia mpaka nione kimewaingia.

Accra, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, analetewa watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Miguu imevimba, nywele zimekuwa rangi ya kutu, ngozi inabanduka, na mtoto kanuna, hataki kuguswa. Vitabuni hakuona maelezo yanayofanana nao. Akauliza wenyeji: huu nyinyi mnauitaje? Akatajiwa neno la lugha ya Ga, kwashiorkor: ugonjwa unaompata mtoto, mdogo wake anapozaliwa.

Hebu tutulie hapo. Ndani ya neno moja mna mimba ya pili, mna ziwa lililokatishwa, na mtoto aliyebakiwa na uji mtupu wa mahindi. Mwaka 1933 Williams akachapisha maelezo ya ugonjwa. Mabingwa wakambishia: hiyo ni pelagra tu, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini ya niasini. Mwaka 1935 akarudi, kwenye jarida la Lancet, safari hii na jina lenyewe la lugha ya Ga juu kabisa.

Kuna mtu huko nyuma anatikisa kichwa. Utaniambia siku hizi hatusemi tena kwamba kwashiorkor ni upungufu wa protini peke yake. Kweli, watafiti bado wanavutana. Lakini mimi sizungumzii protini, nazungumzia faili! Juzi nimeona faili la mtoto mgonjwa, sisemi la wapi, limeandikwa: "Mama hana maelezo." Nikamfuata mama kitandani. Akaniambia, "Mtoto kabemendwa," yaani kadhurika kwa sababu wazazi walikutana kimwili angali ananyonya. Mnacheka. Haya, chekeni; maziwa hayaharibiki kwa sababu baba karudi chumbani. Ila nikamuuliza, "Mama, una ujauzito?" Akashika tumbo: mwezi wa nne. Ziwa alishamwachisha mtoto zamani. Unyafuzi mtupu, ndiyo kwashiorkor hiyo, na njia yake mama alishatuonyesha.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Basi, ya Beirut, alikofundisha Williams, na ya Shirika la Afya Duniani, alikoongoza afya ya mama na mtoto tangu 1948, mtayasoma. Singapore mwaka 1939 alisimama mbele ya wanachama wa Rotary akasema vifo vinavyoletwa na propaganda ya maziwa ya kopo vihesabiwe kuwa mauaji. Baadaye, wakati wa vita, Wajapani wakamfunga katika gereza la Changi, hukohuko Singapore. Humo kambini walizaliwa watoto 20. Wote wakanyonya, wote wakaishi.

Haya, maswali. Ndiyo, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa.