Reli Kwanza, Treni Baadaye: Kuijenga Njia ya Tanga kwa Matofali ya Plastiki

(Mhadhara uliotolewa Tanga, siku ya maonyesho ya treni za matofali)

Assalaam alaykum, na wa salamu nyingine, hamjambo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Kabla hamjaitazama treni iliyo mezani, naomba mtazame kwanza kilicho chini yake. Watoto wote walioingia asubuhi wamekimbilia kichwa cha treni, na wana haki, kichwa ndicho kinachotoa mlio. Mimi nawaombeni mwinamishe macho mpaka kwenye reli. Kazi yote ya miaka sita iliyopo hapa imeanzia hapo, na makosa yangu makubwa nayo yameanzia hapo hapo.

Ukichukua futikamba ukapima reli yetu ya Tanga, kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa chuma cha pili, utapata mita moja kamili. Ukipima reli hii ya plastiki kwa namna hiyo hiyo utapata milimita 37 na nusu. Gawanya. Treni yetu imepunguzwa mara 26 na ushei. Sasa, wenzetu wa Ulaya wanaojenga kwa matofali haya haya ya kuchezea, ya Lego, wanawakilisha reli zao, ambazo nyingi zina upana wa milimita 1,435, kama hii SGR yetu mpya. Wao wakigawanya wanapata 38. Reli ya mezani ni ile ile, ila dunia inayosimama juu yake ni mbili tofauti.

Jambo hili sikulijua nilipoanza. Nilikuwa nanunua matofali kwa kilo, yamechanganyika na midoli iliyovunjika kwenye mitumba, naosha, napanga kwa rangi, halafu nafuata picha. Picha zote zilikuwa za treni za kigeni. Nikajenga behewa la upana wa vinundu sita, kwa sababu ndivyo treni nyingi za dukani zinavyojengwa. Hivi vitufe vilivyo juu ya tofali mimi naviita vinundu, na kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Basi nikaliweka behewa langu mbele ya stesheni niliyoiandika Muheza. Halikukaa. Lilikuwa jembamba, limesimama juu ya reli kama mgeni anayesubiri kupokelewa.

Mabehewa ya reli ya mita moja ni mapana kuliko njia yake. Behewa la mita mbili na nusu linaning'inia nje ya chuma huku na huku, na aliyewahi kusimama Korogwe akaitazama treni inakuja kwa mbele anaijua sura hiyo: mwili mpana, miguu imekaribiana. Ukilipunguza mara 26 na ushei linahitaji karibu vinundu 12. Kumi na mbili! Mara mbili ya behewa langu la kwanza. Nilibomoa lote. Nilipomaliza kulijenga upya mama yangu alipita, akasimama, akasema, "Hii ndiyo tuliyokuwa tukipanda." Nilikuwa sijaweka hata rangi ya milango.

Njia yenyewe mnaijua, lakini vijana wapo, nitaipitia haraka. Ujenzi ulianza hapa Tanga mwaka 1893, na hii ndiyo reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuwa Tanganyika. Ilifika Muheza 1896. Kilomita kama 40, miaka mitatu. Kampuni iliyokuwa ikijenga iliishiwa fedha, serikali ya Wajerumani ikaichukua njia 1899, na ikaendelea polepole: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Waingereza ndio walioifikisha Arusha, 1929. Na mwaka ule ule wa 1893 miche ya kwanza ya mkonge iliingia nchini. Dk. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa huko Pangani. Reli na mkonge vimezaliwa pamoja. Ndiyo maana mezani hapa sikuweka treni ya abiria peke yake. Treni ya Tanga isiyobeba mkonge itakuwa imesahau kwao.

Tazameni behewa la tatu kutoka mwisho. Yale mafungu ya rangi ya mchanga ni marobota. Robota moja la mkonge lina kilo 250, kwa hiyo manne ni tani nzima. Kila robota ni tofali lililolazwa ubavu ili vinundu visionekane, maana robota lenye vinundu macho yanalikataa. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na mniruhusu nikae kidogo.

Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6. Bamba, yaani lile jembamba, lina 3.2. Mabamba matatu ni tofali moja, hilo kila mtoto analijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mabamba matano yakipandana yanafika milimita 16, na 16 ndiyo vinundu viwili. Maana yake, ukilaza kazi ubavu, kila mabamba matano inakubaliana tena na kazi iliyosimama wima, bila pengo. Kile kibao cha stesheni chenye herufi MUHEZA kimejengwa kimelala, mabamba meupe na meusi, kisha kikainuliwa na kupachikwa ukutani. Herufi M peke yake ilinichukua jioni mbili. Mkikisogelea mtaona hakuna mwanga unaopenya popote. Hataza ya tofali hili iliombwa kule Denmark tarehe 28 Januari 1958, na lililotengenezwa mwaka huo linashikana na lililotengenezwa jana. Mimi fundi wa Ngamiani nafaidi umakini wa watu ambao sitawaona, na nauheshimu sana.

Sasa kona. Reli za plastiki za kona zinakuja kwa pindo moja: vipande 16 vinafunga duara, na kutoka katikati ya duara hadi katikati ya njia ni sentimita 32. Ukikuza kwa kipimo chetu unapata mita nane na nusu. Hakuna njia kuu ya reli inayokata kona ya mita nane na nusu, bajaji yenyewe ingejifikiria. Ukiiacha kona hiyo wazi, treni yako mara moja inageuka kuwa kitu cha kuchezea. Dawa yake tumepewa na nchi yenyewe. Njia yetu inapita chini ya milima ya Usambara, basi nimejenga Usambara nyuma ya meza, na kona zote mbili zimezama ndani ya mlima. Treni inaingia upande huu, inapotea, inatokea upande ule. Mbele yenu inabaki njia iliyonyooka, mashamba, stesheni. Kujenga njia nzima haiwezekani: kilomita 352 za kutoka hapa hadi Moshi, hata zikipunguzwa mara 26 na ushei, bado ni kilomita 13, na zinataka vipande vya reli zaidi ya laki moja. Kwa hiyo unachagua. Mimi nimechagua Muheza, pale njia ilipokwama kwa miaka, na nimeweka kipande cha shamba pembeni.

Katika shamba hilo kuna kareli kadogo kanakotoka kwenye mkonge kwenda korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Reli nyingi za mashambani zilikuwa za sentimita 60, na hapa ndipo nilipofurahi kuliko popote: sentimita 60 ukizigawanya kwa kipimo chetu unapata milimita 22 na nusu, karibu kabisa na vinundu vitatu. Hakuna aliyepanga hivyo. Nimetumia vipande laini visivyo na vinundu, nikavisimamisha, na troli za majani zinapita juu yake kwa kusukumwa na mkono. Waliovuta troli hizo kwenye jua, manamba waliotoka mbali, wapo pale katika umbo la watu wadogo kumi na wawili. Sikutaka shamba lionekane linajiendesha lenyewe.

Kichwa kikubwa mnachokiona hakijakamilika ni Garratt ya daraja la 59, ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, zikaanza kuja mwaka 1955, kila moja na tani 252. Hakuna mashine ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozishinda nguvu. Kazi yao ilikuwa zaidi Mombasa na Nairobi, na kwa haki ya historia haingepaswa kusimama Muheza. Lakini zilipewa majina ya milima, na namba 5930, ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, inaitwa Mount Shengena. Shengena ni mlima wa Upare! Ukisafiri kwa njia yetu hii kupita Makanya kwenda Same, milima hiyo ya Upare iko kando yako. Nimeona mashine yenye jina la kwetu nayo ije isalimie.

Na Garratt imeumbwa kwa ajili ya matofali. Mashine yenyewe ina zaidi ya mita 31, kwa hiyo mezani inafika karibu mita moja na sentimita 18. Kitu kigumu cha urefu huo hakipiti kona ya sentimita 32 hata ukikiombea dua. Ila Garratt ina seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na boila limening'inizwa katikati kama machela. Kila seti inajipinda peke yake. Wahandisi walibuni hivyo ili mashine ndefu ipite kwenye kona kali za reli nyembamba, na mimi tatizo langu ni hilo hilo, dogo mara 26. Magurudumu ya katikati nimeyaondolea ukingo, yasigombane na chuma. Mota ziko mbili, na magurudumu yanayovuta yamevishwa mipira, maana plastiki juu ya plastiki huteleza. Betri ziko ndani ya tangi la maji. Zamani zilikuwepo reli zinazopitisha umeme kwenye chuma, lakini kwa chumvi ya hewa yetu ya bahari ningekuwa nasugua kutu kila Ijumaa.

Kuonyesha ni kazi nyingine kabisa. Mara yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja, nikapewa meza za kuazima zisizolingana kimo. Niliunganisha reli palepale meza zinapokutana. Mtu mmoja akaegemea, meza ikasogea kidogo sana, na treni nzima ikashuka sakafuni mabehewa manne. Niliyaokota nikiwa na watoto kama ishirini, kila mmoja ananiletea kipande kiganjani. Tangu siku hiyo meza zangu zimefungwa kwa boliti, na kipande cha reli kinavuka kiungo cha meza, hakiishii hapo. Boksi silisafirishi tena nyuma ya gari lililofungwa vioo mchana wa Februari. Mabamba mapana hujikunja. Kuosha, maji yasizidi nyuzi joto 40. Na dirishani usiweke, jua linageuza nyeupe kuwa njano.

Wazazi, mara nyingi mnaniambia niikimbize. Naomba mniwie radhi. Treni ya kilomita 40 kwa saa, kwa kipimo chetu, inapita mezani sentimita 42 kwa sekunde. Ndiyo mwendo huo mnaouona. Ukiitazama kwa mwendo huo utaona mabehewa yakifuatana kwenye kona, utamwona mwenye bendera.

Nimalizie na jambo la mwaka juzi. Nilikuwa nimeyafunika mataruma yote, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli kuishika, kwa vipande vya kahawia, yafanane na mbao. Nilikuwa nimeona wajenzi wa nje wakifanya hivyo na inapendeza. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya njia alikaa kwenye kiti mbele ya meza zaidi ya saa nzima, kimya. Kisha akaniita kwa kidole. "Mwanangu, haya mataruma ni ya nini?" Nikamwambia, ya mbao, mzee. Akatikisa kichwa. "Huku mchwa wangeyala kabla ya masika. Yetu ni ya chuma. Ukiyagonga nyundo yanalia." Akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, kuonyesha sauti.

Reli ya plastiki, chini ya kahawia yangu, ilikuwa ya kijivu tangu kiwandani. Usiku ule nilibandua vipande mia nne na kitu, kimoja kimoja, kwa ukucha. Mkiinama sasa mtayaona mataruma yalivyo, ya kijivu cha chuma, na hapa na pale nimeweka kipande chekundu cha kutu.

Pembeni ya meza kuna karatasi na penseli. Mzee yeyote aliyefanya kazi kwenye njia hii, akiona kitu kimekaa sipo, aniite kwa kidole vile vile, au anichoree. Watoto wanaruhusiwa kusukuma troli za mkonge. Kichwa cha treni wakiache mpaka nibadilishe betri.